Chaza alikuwa na mwenyewe, konokono hakuwa naye

Rangi ya kuzuia viumbe kuganda chini ya meli iliharibu chaza wa Ufaransa na kuwafanya tasa konokono wa Uingereza. Mmoja alipata sheria ndani ya miaka michache, mwingine akangoja miaka 38. Tofauti hiyo inaihusu pwani yetu.

Chaza aliyelelewa vizuri huwa na gamba la wastani na nyama iliyojaa ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza katika Ghuba ya Arcachon, kusini magharibi mwa Ufaransa, walianza kutoa majini kitu kingine kabisa. Gamba limenenepa, limevimba, limepoteza umbo. Ukilipasua unakuta si ukuta mmoja bali matabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna vyumba vidogo vilivyojaa ute mzito wa protini. Mnyama mwenyewe amebanwa humo ndani, amesinyaa, hauziki.

Lililowatisha zaidi ni uzazi. Wakati wa kiangazi chaza hutaga, na viluwiluwi wao huelea majini wiki mbili tatu kabla ya kutafuta mahali pagumu pa kuganda maisha yao yote. Wafugaji wa Arcachon huwatega kwa vigae vya udongo vilivyopakwa chokaa. Miezi kadhaa baadaye hukwangua ile chokaa na makinda yakatoka mazima, tayari kupandwa upya. Tangu mwaka 1977 hadi 1981, vigae vilitoka majini karibu vitupu. Ghuba iliyozoea kutoa kati ya tani 10,000 na 15,000 za chaza kwa mwaka ilitoa takribani tani 3,000 mwaka 1981.

Watu wa Arcachon hawakuwa wageni wa misiba. Mwaka 1920 ugonjwa uliwafyeka chaza bapa wa asili. Mahali pao pakashikwa na chaza wa Kireno, nao wakafa kwa ugonjwa karibu na mwaka 1970. Wakaletwa chaza wa Kijapani. Kwa hiyo walipoona balaa jipya, wengi walidhani ni maradhi mengine yale yale. Lakini watafiti wa taasisi ya uvuvi ya Ufaransa, akiwemo Claude Alzieu, walipochunguza hawakupata kijidudu cha kulaumiwa. Walichokiona ni ramani: vilema vilikuwa vingi zaidi karibu na maegesho ya boti za starehe. Boti hizo, maelfu kwa maelfu, hupakwa rangi mpya majira ya kuchipua na kujaa ghubani kiangazi, miezi ile ile ambayo chaza hutaga. Majaribio ya maabara yakathibitisha kwamba kilichokuwa kikiwaua kilitoka chini ya boti.

Rangi yenye kazi ya kuua

Chombo chochote kinachokaa majini huota. Kwanza utando wa bakteria, kisha mwani, kisha kome, chaza na wale viumbe wa magamba makali wanaokata miguu ya watoto kwenye nguzo za gati. Meli iliyoota chini husuguana na maji, mwendo unapungua, na injini inakula mafuta mengi. Kwa meli iliyochafuka sana nyongeza inaweza kufika asilimia 40. Tatizo ni la kale. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilijaribu kuivisha manowari ya HMS Alarm mabati ya shaba, kwa kuwa shaba huwatia sumu viumbe wanaotaka kuganda. Zilipokuja meli za chuma, shaba ikahamia ndani ya rangi.

Katika miaka ya 1950, watafiti wa Utrecht nchini Uholanzi walionyesha kwamba baadhi ya kemikali zilizoundwa kutokana na bati ni sumu kali kwa ukungu na viumbe wengi wadogo. Moja kati ya hizo ni tributiltini, inayojulikana kwa kifupi kama TBT. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilizojaribiwa ni kuua konokono wa maji baridi wanaoeneza kichocho, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi wa Kanda ya Ziwa na Zanzibar. Tangu miaka ya 1960 kemikali hiyo hiyo ikaingizwa kwenye rangi za meli, na katika miaka ya 1970 ikatengenezwa rangi inayojilainisha yenyewe: maji ya bahari huimenya taratibu, tabaka jipya la sumu likajitokeza kila wakati. Meli ikapakwa mara moja na kukaa hata miaka 5 bila kupandishwa chelezo. Wenye meli walifurahi, na walikuwa na sababu. Inakadiriwa kwamba kabla ya marufuku asilimia 70 hivi ya meli za dunia zilikuwa zikisafiri na TBT chini yake.

Hapo ndipo pa kustaajabia. Sumu ilikwisha kujaribiwa kama dawa ya kuulia konokono. Ikapakwa kwenye meli zinazolala katika bandari zilizozungukwa na konokono, kome na chaza. Kisha ikachukua miaka mingi kukubali kwamba konokono, kome na chaza wanaumia.

Jike aliyeota uume

Kwenye miamba ya pwani ya Uingereza anaishi konokono mmoja wa urefu wa sentimita 3 hivi, Nucella lapillus kwa jina la kisayansi. Chakula chake ni kome na wale wale viumbe wa magamba wanaoganda kwenye meli: huwatoboa gamba na kuwafyonza. Mwaka 1970 mtafiti Stephen Blaber aliripoti kwamba miongoni mwa konokono wa eneo la Plymouth, baadhi ya majike walikuwa na kiungo mfano wa uume, nyuma ya pembe ya kulia. Mwaka uliofuata, Mmarekani B. S. Smith alieleza hali hiyo hiyo kwa konokono wa tope wa pwani ya mashariki ya Marekani na kuiita imposeksi. Mwaka 1981 akaonyesha kwamba majike waliobadilika wanapatikana karibu na maegesho ya boti, na kwamba rangi yenye TBT inaweza kuwafanya wabadilike.

Huko Plymouth, Geoffrey Bryan na Peter Gibbs wa Jumuiya ya Biolojia ya Bahari walizunguka pwani ya kusini magharibi ya England wakihesabu. Mwaka 1986 wakachapisha matokeo: konokono walikuwa wakipungua, na sehemu nyingine walikuwa wametoweka. Chanzo kilikuwa wazi ukimchunguza jike mmoja. Anapopata TBT, mwili wake huanza kujenga mirija ya kupitishia mbegu za kiume. Mirija hiyo ikiendelea kukua huziba tundu la kutolea vifuko vya mayai. Vifuko vinaendelea kutengenezwa ndani lakini havina pa kutokea. Vinajazana, vinageuka vyeusi, na mwisho jike anakufa navyo tumboni.

Kiasi kinachotosha kufanya hivyo ndicho kilichowashangaza hata wakemia. Dalili huanza katika nanogramu 1 hivi kwa lita, yaani gramu 1 ya sumu ndani ya lita bilioni 1 za maji. Zikifika nanogramu chache zaidi, majike huwa tasa. Vipimo vingi vya wakati ule havikuweza hata kuiona sumu katika kiwango hicho. Konokono alikuwa akiipima kwa mwili wake.

Namna inavyofanya kazi ilieleweka vizuri zaidi mwaka 2004, pale watafiti wa Kijapani walipoonyesha kwamba TBT huingia kwenye kipokezi cha homoni kiitwacho RXR ndani ya seli za konokono, ikakaa kama funguo bandia na kuwasha kazi ambazo mwili wa jike haukuagizwa kuzifanya. Si sumu inayounguza. Inatoa amri.

Ubaya wa pili ulitokana na uzazi wa konokono huyu. Viluwiluwi wa chaza huelea na mkondo, kwa hiyo mahali palipokufa panaweza kupata wageni kutoka mbali. Nucella hubandika vifuko vya mayai, visivyofika sentimita 1, chini ya mawe, na watoto hutoka wakitambaa. Hawaelei. Mwamba ukishapoteza majike wake, hakuna wimbi litakaloleta wengine. Ni mpaka mmoja atambae kutoka mwamba wa jirani. Kuna waliookoka kwa bahati: huko Dumpton, katika jimbo la Kent, Gibbs alikuta konokono wenye kasoro ya kurithi, iliyofanya baadhi ya madume wazaliwe bila uume au wakiwa na uume uliodumaa. Majike wenye urithi huo hawakuota viungo vya kiume vya kutosha kuziba njia ya mayai. Kasoro ikawa kinga.

Nani alilia, nani alisikilizwa

Sasa tuziweke tarehe mbili pamoja. Vigae vya Arcachon vilianza kutoka vitupu mwaka 1977. Januari 1982 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku rangi zenye TBT kwa boti za chini ya mita 25. Ni miaka 5. Kiangazi kilichofuata makinda yalianza kurudi kwenye vigae, na kadiri miaka ilivyokwenda magamba yakarejea kwenye umbo lake. Konokono wa Plymouth aliripotiwa mwaka 1970. Marufuku ya dunia nzima, inayohusu meli kubwa na ndogo, ilianza kutumika tarehe 17 Septemba 2008.

Haikuwa kwamba konokono aliumia kidogo. Aliumia zaidi, na kwa kiasi kidogo zaidi cha sumu. Tofauti ni kwamba chaza wa Arcachon walikuwa na wenyewe. Kila kigae kitupu kilikuwa deni la mtu benki. Kila tani iliyokosekana ilikuwa na bei. Hesabu zilizofanywa baadaye ziliweka hasara ya ghuba ile kwenye dola milioni 147 za Marekani. Wafugaji walikuwa na vyama, madiwani na wabunge, na walijua walichopoteza. Konokono hakuwa na bei sokoni. Aliyemlilia ni mtafiti mwenye daftari.

Uingereza yenyewe inatoa ushahidi huo huo. Katika mto Crouch, jimbo la Essex, chaza wa Kijapani walikuwa wakinenepa magamba na kukataa kukua. Kwa muda lawama zilitupiwa tope la mto. Mwaka 1983 watafiti wa wizara ya kilimo na uvuvi walionyesha kwamba mkosaji ni TBT, si tope. Mwaka 1987 uuzaji wa rangi hizo kwa boti ndogo ukapigwa marufuku. Konokono wa Bryan na Gibbs walitoa ushahidi mzito, lakini walikuja mahakamani wakiwa wamefuatana na chaza.

Sheria hizo za kwanza zililenga boti ndogo kwa sababu ndizo zinazoegeshwa karibu na mashamba ya chaza. Marekani ilifanya vivyo hivyo mwaka 1988. Meli kubwa ziliachwa, kwa hoja kwamba zinakaa kina kirefu na sumu yake inazimuliwa na bahari. Bahari haikuzimua ilivyodhaniwa. Katika Sullom Voe, visiwa vya Shetland, mahali zinapopakia meli za mafuta, konokono waliendelea kuathirika. Hapo ndipo suala likapelekwa kwenye Shirika la Bahari la Kimataifa, IMO, lenye makao yake London. Mkataba ulipitishwa Oktoba 2001. Ulihitaji nchi 25 zenye asilimia 25 ya uzito wa meli za biashara za dunia, na ulipita mwaka hadi mwaka ukisubiri kuridhiwa, mpaka Panama, iliyokuwa wakati huo na bendera ya meli nyingi kuliko wote, iliporidhia mwaka 2007.

Mkataba umefanya kazi. Katika pwani nyingi za Ulaya majike wenye viungo vya kiume wamepungua sana, na Nucella amerudi kwenye miamba aliyokuwa ametoweka. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kwenye maji TBT huvunjika baada ya siku au wiki. Ikizama kwenye tope la bandari, mahali pasipo hewa, hukaa miaka na hata miongo. Kila tope hilo linapochimbwa kuongeza kina, sumu ya miaka ya 1980 huamka.

Jina jipya, swali lile lile

Baada ya TBT viwanda vilirudi kwenye shaba, na kwa kuwa kuna mwani unaostahimili shaba, vikaongeza dawa za kuua mimea. Moja iliitwa sibutirini, ikiuzwa kwa jina la Irgarol. Kazi yake ni kuzuia mmea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na haichagui: mwani wa chini ya meli, majani ya bahari, na hata mwani mdogo unaoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha. IMO imeipiga marufuku kuanzia Januari 2023. Shaba bado ipo. Huko San Diego, California, maegesho ya boti ya Shelter Island yaliwekewa kikomo cha shaba mwaka 2005 kwa sababu maji yake yalikuwa yamezidi, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitoka kwenye rangi.

Hatuwezi kusema meli ziache kupakwa. Meli iliyoota hupoteza mafuta, huongeza moshi, na husafirisha viumbe wageni kutoka bahari hadi bahari. Zipo rangi za silikoni zisizoua bali zenye utelezi, viumbe wakashindwa kushika pale meli inapoenda mwendo. Ni ghali, na hazifai sana kwa chombo kinacholala siku nyingi. Lakini historia ya TBT na sibutirini inatufundisha jambo moja: kila mara tunapiga marufuku jina, kisha tunasubiri jina linalofuata lilete madhara yake. Swali lililopaswa kuulizwa kabla, la nani anaishi jirani na meli hiyo, huulizwa baadaye.

Kwetu nani anahesabu?

Wazee wetu nao walipambana na tatizo hili. Chombo kilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakipwa kikakwanguliwa, kikapitishwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha kikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Deheni haikudumu, ndiyo maana kazi ilirudiwa mara kwa mara. Haikuacha sumu ya miongo mingi kwenye tope. Mashua za mbao bado zipo Lamu, Unguja na Kilwa, lakini leo maji yetu yana pia boti za fibaglasi, feri, meli za uvuvi, mashua za watalii, na meli za dunia nzima zinazotia nanga Kilindini, Dar es Salaam na Malindi, Unguja.

Na jirani na meli hizo kuna watu. Maji yakipwa, wanawake wa pwani hushuka na vikapu kuokota kombe, kome na chaza. Mavuno yao mengi huishia jikoni, au kwenye sinia la jirani sokoni. Hayana risiti, hayana bima, hayana mkopo benki. Kome wakipungua, mama hutembea mbali zaidi, au anasema mwaka huu bahari ngumu, basi. Hakuna kigae kitupu cha kupeleka kwa mbunge. Kwa kipimo cha Arcachon, viumbe wetu wengi wa magamba wako upande wa konokono.

Pale wanapokuwa na mwenyewe, mambo hubadilika. Katika vijiji vya Fumba na Bweleo, Unguja, wanawake wamefuga chaza wa lulu kwenye kamba na kuuza lulu nusu kwa watalii na mapambo ya magamba. Mfugaji wa aina hiyo anamjua chaza wake kwa umbo, anajua waliokufa mwezi uliopita, na akiona gamba lililoharibika atauliza. Kila shamba la namna hiyo ni kituo cha uchunguzi ambacho serikali haijakilipia.

Lakini hatulazimiki kungoja kila konokono apate mwenye kumfuga. Kupima TBT majini kwa nanogramu kunahitaji mashine za bei kubwa na kemia ya hali ya juu. Kumchunguza konokono kunahitaji jiliwa la kubana gamba mpaka livunjike, darubini ya kawaida, na mtu aliyefundishwa kutofautisha dume na jike. Ndivyo nchi za Ulaya zinavyofuatilia pwani zao mpaka leo: wanakusanya konokono, wanahesabu majike wangapi wameota nini, wanalinganisha na mwaka uliopita. Jamaa za konokono huyu wa miambani wapo tele kwenye mawe ya pwani yetu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyopo Mombasa, zina watu wa kuifanya kazi hiyo na wanafunzi wa kuifundishwa.

Kazi yenyewe iende sambamba na mambo mawili yasiyo ya maabara. Kwanza, kwenye chelezo: mabaki ya rangi yanayokwanguliwa yakusanywe na kutupwa mahali pa sumu, yasisukumwe majini kwa mpira wa maji, na kopo la rangi mpya lisomwe lebo kabla halijafunguliwa. Pili, kwenye uchimbaji: bandari za Dar es Salaam na Mombasa zimeongezwa kina tangu miaka ya 2010 ili zipokee meli kubwa zaidi, na zitaongezwa tena. Kabla ya tope la bandari kuhamishwa na kumwagwa mahali pengine, lipimwe TBT na shaba, na wanaookota kombe katika eneo litakalomwagwa waulizwe kabla, si baada.

Gharama ya yote hayo inajulikana ni ya nani. Mamlaka za bandari hutoza kila meli inayoingia: ada ya kuongozwa, ada ya gati, ada ya kutia nanga. Meli inalipia nafasi inayoichukua juu ya maji. Sehemu ndogo ya ada hiyo ikitengwa kwa ajili ya kuhesabu kilicho hai chini yake, konokono wetu watakuwa wamepata mtu wa kuwasemea hata kabla hawajapata bei.